Shajara ya mkusanyiko wetu: kutoka miswada 26 hadi kitabu kimoja

Shajara hii ni ya wanachama wetu 34, na pia ya kikundi chochote cha waandishi kinachowazia kutoa kitabu chake. Naiandika mimi katibu. Fedha sitazitaja kwa sarafu kwa sababu bei hazikai mahali pamoja; nitataja sehemu ya mfuko na saa zilizotumika. Nimegundua kwamba saa ndizo zilizotuumiza zaidi.

10 Januari: Makubaliano

Kikao kimepitisha haya: kitabu cha hadithi fupi, ukubwa wa A5 (milimita 148 kwa 210), nakala 150, hadithi zisizozidi maneno 2,500 kila moja. Mweka hazina amesoma hesabu za mfuko. Tukapiga makofi, tukatawanyika. Hakuna aliyeuliza miswada ije kwa umbo gani.

9 Februari: Mwito umefungwa

Miswada 26. Kati ya hiyo, 15 ilikuja kama faili safi. Sita ilikuwa picha za daftari zilizopigwa kwa simu, nyingine zimekatwa pembeni, moja ina kivuli cha mkono wa mwandishi mwenyewe. Minne ilikuwa PDF ambazo hazikubali kuhaririwa. Mmoja ulifika kama ujumbe 43 wa simu, na ujumbe wa 17 ulifika kabla ya ule wa 12, ikawa mhusika anazikwa halafu anaugua.

Mimi na mwenzangu mmoja tumechapa upya kwa saa 19. Sina kinyongo na aliyeandika kwenye daftari; hadithi yake ni miongoni mwa zile bora. Kosa ni letu, hatukusema. Mwito ujao utakuwa na sentensi hizi, na anayetaka kuzinakili anazo:

*Tuma faili moja inayoharirika. Jina la faili liwe kichwa cha hadithi tu. Jina lako liwe kwenye ujumbe, lisiwe ndani ya hadithi. Kama huna kompyuta, tuambie wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, tutakutafutia mtu wa kukuchapia.*

3 Machi: Kusoma bila majina

Tuliamua wasomaji wasijue nani kaandika nini. Nikafuta majina juu ya kila muswada, nikaupa namba, nikasambaza. Siku mbili baadaye msomaji mmoja akanipigia: "Katibu, hii namba 8 si ya fulani?" Nikamuuliza kajuaje. Akasema amefungua maelezo ya faili, jina liko pale, pamoja na siku ilipoanza kuandikwa. Programu ya kuandikia huweka jina la mwenye kompyuta ndani ya faili bila kumuuliza. Hata maoni ya pembeni yana jina.

Dawa: nimenakili maandishi yote ya kila muswada nikayabandika kwenye faili mpya iliyofunguliwa kwenye kompyuta yangu. Sasa zote 26 zinaonekana kama zangu. Saa mbili. Programu nyingi zina amri ya kuondoa taarifa binafsi, ila nami nilijua hilo baadaye.

Alama zilitushinda vibaya zaidi. Kila muswada ulisomwa na watu watatu, kila mmoja akitoa alama 1 hadi 10, tupate wastani. Msomaji mmoja alama yake ya juu kabisa ilikuwa 6. Mwingine alama yake ya chini kabisa ilikuwa 7. Maana yake muswada uliopelekwa kwa yule wa kwanza ulikuwa umeanguka kabla haujasomwa. Tulizitupa alama zote. Badala yake kila msomaji aligawa rundo lake mafungu matatu: *iingie*, *tuijadili*, *isubiri*. Zilizokubaliwa na wote watatu zilikuwa tisa. Zilizokataliwa na wote, saba. Tukabaki na kumi za kubishania, na ubishi wa hadithi kumi unakwisha kwa alasiri moja. Tano zikapita. Jumla 14.

29 Machi: Barua kwa waliokosa

Tulikaa wiki tatu bila kuwajibu wenzetu 12. Haikuwa makusudi, kila mmoja alidhani mwingine ameandika. Mwanachama mmoja, mtu mzima ambaye wengi wetu tunamwita Mwalimu, aliniambia kwa upole kuliko nilivyostahili: "Kukataliwa nimezoea, mwanangu. Kunyamaziwa ndiko sijakuzoea."

Barua zimekwenda, kila moja na mistari miwili au mitatu kutoka kwa wasomaji. Sheria niliyojiwekea ni kwamba maoni yataje mahali. "Hadithi inahitaji kazi zaidi" haimsaidii mtu. "Mama anatajwa ukurasa wa kwanza kuwa mgonjwa na hatumwoni tena hadi anapofariki ukurasa wa saba" humrudisha mtu kwenye meza yake. Wanne wameshaomba tusome rasimu mpya.

2 Aprili: Ridhaa

Ukurasa mmoja, kila mwandishi ametia sahihi: hakimiliki inabaki kwake, kikundi kinapewa ruhusa ya kuichapa hadithi katika mkusanyiko huu, naye yuko huru kuitoa kwingine. Wengine walidhani lazima waende kusajili hadithi ndipo iwe mali yao. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi zimeuridhia, haki huanza kazi inapoandikwa, bila usajili.

Hadithi moja ilikuwa na mistari sita ya wimbo wa mtu. Mwandishi wake alisema wimbo huo unajulikana na kila mtu. Kujulikana ni jambo moja, mwenyewe ni jambo jingine. Ameiondoa mistari, ameandika jinsi mhusika alivyoinama kuongeza sauti ya redio, na kwa maoni yangu ukurasa umenoga.

18 Aprili: Uhariri, na balaa la Ali

Wahariri wawili, hadithi saba kwa kila mmoja. Kabla ya kuanza walipaswa kukubaliana tahajia. Hawakukubaliana. Mmoja aliandika "kwa hiyo", mwingine akaacha "kwahiyo". Mmoja alifunga mazungumzo kwa alama za nukuu, mwingine alitumia vistari. Tulipoweka hadithi pamoja kitabu kilionekana kama kimeandikwa katika nyumba mbili. Sasa tuna karatasi moja yenye maamuzi 31: *kwa hiyo* na *kwa sababu* maneno mawili, *ijapokuwa* neno moja, tarakimu kuanzia 11, maneno hadi kumi, na kadhalika. Ilichukua jioni moja kuiandika na siku nane kurudia hadithi zote 14 kwa kuifuata. Ingeandikwa kwanza, zile siku nane zisingekuwapo.

Sasa balaa lenyewe. Hadithi mbili zilifuatana na zote zilikuwa na mhusika mkuu aitwaye Ali. Mwandishi mmoja akakubali wake awe Hamisi. Mhariri, saa tano usiku, akaiamuru kompyuta itafute *ali* kila mahali iweke *Hamisi*. Akahifadhi, akafunga, akalala.

Anayejua Kiswahili ameshaelewa. Asubuhi hadithi ilianza hivi: "Hamisiamka mapema. MwHamisimu wake wa zamani Hamisikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulikuwa mkHamisi." Kulikuwa na *swHamisi*, *mbHamisi*, na *wHamisiondoka*. Kila kitendo cha kukubali cha wakati uliopita cha *yeye*, na hata cha *wao*, kina *ali* ndani yake; hadithi nzima ilikuwa katika wakati uliopita.

Nakala ya awali ilikuwapo kwenye barua pepe, lakini ilikuwa ile ya kabla ya uhariri, na uhariri huo ulikuwa wa siku tatu. Tuligeuza amri: kila *Hamisi* kuwa *ali*. Maneno yakarudi, herufi kubwa zikapotea: sentensi zote zilizoanza na "Alisema", "Alikaa", "Aliogopa" zilianza kwa herufi ndogo. Jioni mbili za kuzitafuta moja moja.

Njia sahihi ni kuchagua utafutaji wa *neno zima*, tena wenye kuzingatia herufi kubwa na ndogo. *Ali* kama neno linalosimama peke yake ni jina tu; kiambishi hakisimami peke yake kamwe. Na usikubali kitufe cha "badilisha vyote" kabla ya kubadilisha vitano kwa mkono na kuviangalia.

Kuanzia siku hiyo hakuna faili inayohifadhiwa juu ya nyingine. Jina linakuwa namba ya hadithi, kichwa, kisha tarehe kuanzia mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe kwa mfuatano. Neno "mwisho" limepigwa marufuku kwenye majina ya faili. Tulikuwa na "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho huu ndio".

11 Juni: Kurasa

Mpangaji kurasa ni mwanachama mwenzetu aliyejifunza kazi hii kwa vijarida. Fonti ya ukubwa wa pointi 11, nafasi ya mstari 14, pambizo la ndani milimita 20 ili maneno yasizame kwenye mshono. Hayo yalikwenda vizuri. Mambo matatu hayakwenda.

La kwanza ni ritifaa, ile alama ya juu kwenye *ng'*. Alitafuta *ng'ombe* kurekebisha fonti, kompyuta ikampa tisa. Nilijua ziko nyingi zaidi. Hadithi moja ni ya mchungaji wa ng'ombe. Kumbe simu huweka alama iliyonyooka, programu ya kompyuta huweka iliyojikunja, na waandishi wawili walitumia ile alama iliyolala ya pembeni mwa kibodi. Kwa jicho zinafanana, kwa mashine ni herufi tatu tofauti. Tumezigeuza zote kuwa iliyojikunja, tukiangalia zisichanganyike na alama za nukuu moja. Ng'ombe walikuwa 23.

La pili ni kukata maneno mwisho wa mstari. Programu ilikuwa imewekwa lugha ya Kiingereza, ikakata *nyum-ba*, *mam-bo*, hata *ng'-ombe*. Silabi zetu nyingi huishia na irabu: *nyu-mba*, *ma-mbo*, *ng'o-mbe*. Maneno ya mkopo kama *lab-da* na *ras-mi* yana mkato wake. Tukazima ukataji. Lakini Kiswahili kina maneno marefu. *Hawakutukaribisha* likishindwa kuingia linaruka mstari mzima, na nyuma yake panabaki mapengo ambayo macho yanayaona kama mito myeupe inayoshuka ukurasani. Mpangaji akakata kwa mkono mistari 61 kwa kuandika kistari cha kawaida. Ukurasa ukapendeza. Wiki iliyofuata mwandishi mmoja akaongeza maneno manne kwenye aya ya kwanza, mistari ikasogea, na vistari vikabaki katikati ya mistari: *wali-pokutana*, *kime-vunjika*. Kuna kistari laini ambacho hakionekani mpaka neno likatike kweli. Hicho ndicho cha kutumia. Kurudia: saa sita.

La tatu ni hesabu ya kurasa. Mpiga chapa wetu hukunja karatasi kubwa kwa kurasa 16. Sisi tulikuwa na 115. Mikunjo saba ni kurasa 112. Wa nane unafika 128. Kurasa tatu za ziada zingetugharimu kurasa 13 tupu. Wasifu wa waandishi ulikuwa umetanda kurasa tano. Tumeupunguza kuwa mistari mitatu kwa mtu, kurasa mbili jumla. Hakuna msomaji aliyehitaji kujua shule ya msingi niliyosoma mimi. Muulize mpiga chapa namba ya mkunjo wake kabla ya kupanga, siyo baada.

6 Julai: Jalada na namba

Mchoro ni wa mwanachama, ameutoa bure. Alinitumia kwa programu ya ujumbe, nao ukafika umebanwa: upana pikseli 960. Kwenye simu ulikuwa mkali kama wembe. Kwa uchapaji tunahitaji nukta 300 kwa inchi. Milimita 148 ni takriban inchi 5.8, kwa hiyo pikseli zisizopungua 1,750 kwa upana, na ziada ya milimita 3 kila ukingo utakaokatwa. Alituma tena kama faili kwa barua pepe, tatizo likaisha. Bluu yake lakini ilififia kwenye karatasi, kwa kuwa skrini huchanganya mwanga na mashine huchanganya wino wa rangi nne. Tumeiacha hivyo. Mchoraji ameipenda zaidi, mimi sijaipenda.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, tuliipata kwa barua. Tangu 2007 ina tarakimu 13, na ya mwisho ni ya ukaguzi: unazidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa zamu, jumla yote lazima igawanyike kwa 10. Niliandika namba kwenye ukurasa wa hakimiliki, nikapiga hesabu, ikakubali. Nilijivuna kidogo. Mweka hazina, ambaye haamini hesabu bila risiti, akaweka barua kando ya ukurasa akasoma tarakimu moja moja kwa kidole. "Katibu, hapa wameandika 27. Wewe umeweka 72."

Hesabu ilikubalije? Nilikaa nayo usiku. Ukipishanisha tarakimu mbili jirani, jumla hubadilika kwa mara mbili ya tofauti yao. Tofauti ya 2 na 7 ni tano. Mara mbili yake ni kumi. Na kumi haiharibu kitu kwenye hesabu ya kumi. Jozi kama 1 na 6, au 3 na 8, nazo hupita vilevile. Sasa namba hainakiliwi kwa kuandika. Inasomwa na mtu mmoja kwa sauti huku mwingine akifuata kwa kidole.

15 Agosti: Shangazi

Prufu ya tatu, yaani nakala ya kusahihishia, kwenye karatasi. Imekwishapitiwa na mwandishi, mhariri, wasomaji wawili, na kikagua tahajia cha kompyuta. Tukaketi wanne, tukasoma kitabu kizima kwa sauti, kwa zamu, siku mbili. Ukurasa wa 61 aliusoma Mwalimu, kwa sauti yake ile ya darasani:

"Jua lilikuwa halijazama. Shangazi alimpika mgeni, kisha akafagia ua."

Akanyamaza. Akatazama juu ya miwani. "Alimpika?"

Tulicheka hadi mwandishi mwenyewe akafuta machozi. *Alimpikia* ilikuwa imekosa *i* moja tangu rasimu ya kwanza, na kila jicho lililopita liliijazia. Kikagua tahajia hakina lawama: *alimpika* ni neno halali kabisa, ni jambo tu lisilofanyika. Lugha yetu hubeba maana nyingi katika herufi moja katikati ya kitenzi, na kosa la namna hiyo halionekani kwa jicho linaloelewa hadithi. Sikio ndilo linalokwama. Kwa siku hizo mbili tumekamata makosa 38; kumi na moja yalikuwa ya ukoo huo wa Shangazi.

Saa 13 za watu wanne. Ningezilipa tena kesho.

20 Septemba: Sampuli

Nakala moja ya majaribio imefika. Ndani safi. Kichwa cha mgongoni kimekaa upande, nusu ya herufi imepinda kuja mbele.

Kosa langu. Unene wa mgongo niliukokotoa: kurasa 112 ni karatasi 56, nikapima karatasi ya ofisini ya gramu 80 ambayo ni kama milimita 0.1, nikapata 5.6. Mpiga chapa alitumia karatasi ya rangi ya maziwa, ile laini iliyojaa hewa, milimita 0.13 kila moja. Jibu halisi ni 7.3. Nilipaswa kuomba karatasi 100 za aina ile ile, kuzibana, kuzipima kwa rula na kugawanya. Jalada limepangwa upya, sampuli ya pili imelipiwa.

24 Oktoba: Vitabu

Nakala 150, maboksi matatu. Mgongo umenyooka.

Hesabu ya mfuko: uchapaji asilimia 68, karatasi na wino wa prufu 9, usafirishaji 6, sampuli mbili 5. Imebaki 12, iko benki. Ile sampuli ya pili peke yake ingenunua wino wa mwito ujao.

Kila mwandishi apate nakala mbili. Kila msomaji na mhariri moja. Nakala 20 zisiuzwe, ziwe akiba. Wanaotaka kununua zaidi wamwone mweka hazina, waje na risiti zao za michango, mnamfahamu. Walioomba rasimu zao zisomwe upya: nimeshazigawa, majibu kabla ya wiki ya pili ya Novemba, na safari hii jina langu ndilo limeandikwa kando ya kila barua.

Jana usiku nimefungua kitabu mahali popote tu, ukurasa wa 88. Mstari wa nne: *kime-vunjika*. Nimeutilia alama ya penseli kwenye nakala ya kikundi, kwa ajili ya toleo la pili.